Tunda la Kwanza ni la Mtoto

Akina mama wapendwa, nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu kwa siri mkidhani hauwahusu, leo nataka kusema habari za chakula cha mtoto anayeanza kula. Ni habari za avoka, ndizi na papai, vitu ambavyo sisi watu wa Kivu twavipita njiani kila siku. Twavipakia katika vikapu, twavipeleka sokoni, na mara nyingi hatukumbuki kwamba yuko mtu mmoja nyumbani ambaye vingemfaa kuliko wote. Mtu huyo hajui kuomba, hana meno, wala hana sauti katika shauri la nyumba.

Mimi ni bibi mwenye wajukuu tisa. Wa tisa ni binti wa binti yangu, ambaye hufundisha shule mjini Bukavu. Tangu mtoto alipotimiza miezi sita, huletwa kwangu asubuhi na kuchukuliwa masomo yakiisha. Hivyo kazi ya kijiko imenirudia mikononi katika uzee, na imenilazimu kuwauliza wauguzi mambo mengi ambayo zamani nilidhani nayajua.

Siku ya kwanza mama yake alimleta pamoja na mfuko wenye vichupa vinne vya matunda yaliyosagwa, vilivyonunuliwa katika duka la mjini. Juu ya kila kichupa palikuwa na picha ya mtoto mwenye mashavu makubwa. "Mama," akaniambia, "hiki ni safi, kimepikwa kiwandani, hakina vijidudu." Nikavaa miwani yangu nikasoma yaliyoandikwa. Nikakuta tufaha, maji ya zabibu, na ndizi kidogo. Basi nikaangalia nje, ambako mpapai wetu ulikuwa na mapapai saba, mawili yameanza kuwa manjano.

Sikumlaumu binti yangu. Mama kijana mwenye kazi hununua kichupa kama vile mtu anunuavyo dawa ya usingizi, ili moyo wake utulie. Tena alisema kweli: kichupa kisichofunguliwa ni safi. Lakini kikiisha kufunguliwa, nzi wa Bukavu hawajui kusoma maandishi ya kiwanda. Na bei yake! Kwa bei ya kichupa kimoja mimi hujaza kikapu. Zaidi ya hayo, mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilichunguza vyakula vya watoto vilivyouzwa katika maduka ya miji minne ya upande ule, ikaona kwamba vingi vilikuwa na sukari kupita kiasi. Mtoto aliyezoezwa utamu huo atakataa maharagwe, nami nitaeleza sasa hivi kwa nini hafai kuyakataa maharagwe.

Kabla ya hayo, yanipasa kusema juu ya umri, maana hapo ndipo wenzangu wa rika langu hubishana nami. Katika miaka ya 1950 vitabu vingi vya malezi kutoka Ulaya viliagiza mtoto apewe maji ya chungwa akiwa bado na wiki chache tu. Sababu ilikuwapo. Watoto wengi wa huko walilelewa kwa maziwa ya ng'ombe au ya kopo, na kwa kuwa moto huharibu vitamini C, mtoto wa namna hiyo aliweza kushikwa na kiseyeye. Desturi ikavuka bahari, sababu ikabaki kule. Mtoto anyonyaye hana haja ya maji ya chungwa wala ya kitu kingine chochote. Mama akila papai, mtoto hupata sehemu yake katika maziwa. Mwezi wa Mei 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulithibitisha shauri hili: miezi sita maziwa ya mama peke yake, hata maji ya kunywa hapana; kisha chakula pamoja na kunyonya, mpaka miaka miwili au zaidi. Kati ya miezi sita na kumi na miwili, maziwa ya mama bado yaweza kumpa mtoto nusu ya nguvu anazohitaji, au kupita nusu. Kwa hiyo kijiko cha papai hakiji kumfukuza mama. Binti yangu humnyonyesha alfajiri, humnyonyesha akirudi, na humnyonyesha usiku. Mchana humwachia maziwa aliyoyakamua katika kikombe chenye kifuniko, kilichooshwa na kuchemshwa.

Sasa nije kwa maharagwe. Tunda ni chakula kizuri, lakini halitoshi. Wako akina mama wa mjini ambao, wakiisha kusikia sifa za matunda, humpa mtoto ndizi asubuhi, papai mchana na embe jioni, wakaona wamemaliza kazi. Mtoto azaliwapo huwa ameweka mwilini akiba ya madini ya chuma aliyopewa na mama yake tumboni, na akiba hiyo hupungua sana karibu na mwezi wa sita. Tunda haliwezi kuijaza tena. Yahitajika nyama, ini, samaki, yai, maharagwe. Hata hivyo tunda lina kazi yake katika jambo hilohilo, kwa maana vitamini C iliyomo katika papai na chungwa husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo katika maharagwe na mboga za majani. Ndiyo maana kwangu papai hufuata maharagwe, katika mlo uleule, wala silipi siku yake ya peke yake.

Na yuko adui mwingine ambaye sisi wa Kivu twamfahamu kwa jina: bwaki. Madaktari huuita ugonjwa huu kwashiorkor. Jina hilo Daktari Cicely Williams alilichukua katika lugha ya Waga wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, akalijulisha kwa madaktari wa dunia mwaka 1935. Kwa Waga lilikuwa jina la maradhi ya mtoto ambaye mdogo wake amekuja nyuma yake. Tazameni jinsi akina mama wa kule walivyokuwa wameona vema kabla ya madaktari: mtoto aliyeachishwa mapema kwa sababu ya mimba mpya ndiye anayevimba miguu. Huku kwetu, kule Lwiro kaskazini mwa Bukavu, taasisi ya uchunguzi IRSAC iliyoundwa mwaka 1947 ilikuwa na kituo chake kikuu, na madaktari walioishi huko waliuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi na kutibu watoto wetu.

Nimeuona nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama wa nyumba ile ana miavoka mitatu mizuri, kuliko yangu. Wachuuzi huja na magunia wakati avoka zingali ngumu juu ya mti; hulipa, huangua zote, huondoka. Mtoto wake wa kiume alikuwa na mwaka mmoja na nusu, naye alikuwa ameachishwa kwa kuwa mwingine alikuwa njiani. Alilishwa uji mwepesi wa muhogo na, mchana, bugali pamoja na mchuzi wa samaki bila samaki. Kwanza aliacha kucheza. Kisha nywele zikabadilika rangi zikawa kama ndevu za mahindi, miguu ikavimba, na watu wakasema amenenepa. Wauguzi walimlaza na kumpa maziwa ya tiba kidogo kidogo, usiku na mchana, akapona baada ya wiki tano. Mungu ashukuriwe.

Sisemi kwamba avoka ingemkinga na bwaki. Avoka si nyama, na ugonjwa ule una sababu zaidi ya moja. Ninalosema ni kwamba katika nyumba ile fedha za avoka zilinunua sabuni, chumvi na unga wa muhogo, na katika hesabu yote hiyo mtoto hakuhesabiwa. Twauza kilicho kizito ili tununue kilicho chepesi. Uji mwepesi hujaza tumbo upesi, na tumbo la mtoto wa kilo 8 halipokei zaidi ya robo lita hivi kwa mara moja. Lililojaa maji halina nafasi tena. Lakini gramu 100 za avoka zina gramu 15 hivi za mafuta. Vijiko vitatu vya avoka vikipondwa ndani ya uji mzito wa mtama, soya na mahindi, ule ambao wengi hapa kwetu huuita masoso, humpa mtoto nguvu katika nafasi ileile ndogo.

Baada ya mambo ya nyumba ile nilisema na mume wangu. Tulisema jioni mbili, maana yeye naye alikuwa na hoja: ada ya shule haingoji, na mchuuzi hulipa fedha mkononi. Sikumwomba aache kuuza. Nilimwomba mti mmoja tu, ule wa karibu na jiko, ambao avoka zake ni ndogo lakini laini, zisizo na nyuzi. Mchuuzi alipokuja mwezi uliofuata, aliangua miti miwili, akauelekea wa tatu. "Baba, na huu?" Mume wangu akamjibu, "Huo una mwenyewe." "Yuko wapi tuseme naye?" Mzee akamwonyesha mtoto aliyekuwa ameketi juu ya mkeka, ananyonya kidole. Mchuuzi akacheka, akafunga gunia lake. Tangu siku ile mti huo hauuzwi, na ikiwa zimezidi, wajukuu wakubwa wanakula.

Basi na sasa nieleze jinsi ninavyofanya. Avoka huiangua ikiwa imekomaa, huiacha ndani ya kikapu pamoja na ndizi mpaka ilegee, maana ndizi mbivu huiharakisha. Naibonyeza karibu na kikonyo: ikikubali kidole bila kupondeka, imekuwa tayari. Naiosha kabla ya kuikata, ingawa ganda hatulili. Wengi hucheka wakiona hivyo, lakini kisu kipitacho juu ya ganda chafu huingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda. Naikata, natoa kokwa, nakwangua kwa kijiko mpaka karibu na ganda, penye ukijani. Naponda kwa uma ndani ya kibakuli. Siongezi sukari wala chumvi. Kama mtoto ndiyo kwanza anaanza, naongeza maziwa kidogo ya mama yake, na hapo huipokea kwa kuwa anaijua ladha ile. Avoka iliyopondwa hubadilika kuwa nyeusi upesi. Ni hewa tu, wala si sumu, lakini yatukumbusha kwamba chakula hiki ni cha saa ile.

Akiisha kuzoea, nachanganya avoka na maharagwe. Nayaloweka usiku, nayapika mpaka yavunjike yenyewe, nayasukuma katika chujio ili maganda yabaki juu, kisha naponda pamoja vijiko viwili vya maharagwe na viwili vya avoka. Wakati mwingine naweka sambaza waliokaushwa, nimewatwanga katika kinu mpaka wakawa unga, kijiko kidogo. Samaki hawa waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Bibi yangu hakuwajua, lakini mjukuu wangu anawapenda kuliko papai.

Ndizi ni rahisi mno. Yafaa zile ndogo tamu tuziitazo kamaramasenge, zilizoiva mpaka ganda limepata madoa meusi. Papai nalingoja liwe manjano juu ya mti, kwa sababu bichi lina utomvu unaowasha. Natoa mbegu zote, hata moja isibaki, naponda. Lina maji yake lenyewe. Embe kutoka bonde la Ruzizi lina nyuzi, basi lazima chujio. Rangi ya manjano iliyo katika papai na embe ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho, na mwili huipokea vizuri zaidi ikifuatana na mafuta. Hapo avoka, au tone la mawese katika uji, ni rafiki yake. Nanasi la Idjwi na marakuja nayachelewesha, kwa sababu ukali wake huwasha midomo na makalio ya mtoto. Na asali, ijapokuwa wazee waliipenda, mtoto asionje kabla hajatimiza mwaka mmoja. Yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hukishinda na tumbo la mtoto mchanga halikiwezi, nacho hulegeza misuli mpaka pumzi.

Muuguzi alinishauri nianze na tunda moja, nimpe siku mbili tatu kabla ya kuleta jingine, ili kama ngozi ikitoka vipele au tumbo likivurugika nijue ni lipi. Siku za kwanza vijiko viwili au vitatu vyatosha, mara mbili kwa siku. Kwenye mwezi wa nane hufika nusu ya kikombe, mara mbili hata tatu. Chakula kiwe kizito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika. Mtoto wetu alisukuma papai nje kwa ulimi siku nne mfululizo, mama yake akasema hapendi. Mimi naona ulimi ule ulikuwa haujajifunza kazi nyingine ila kunyonya. Siku ya tano alimeza. Bibi mwenzangu hushika pua ya mtoto ili afungue kinywa. Desturi hiyo mbaya iachwe, kwa maana mtoto aliyelazimishwa huogopa kijiko, na chakula chaweza kumpalia. Mimi huketi naye uso kwa uso, nasema naye, nangoja. Anapogeuza kichwa, tumemaliza. Sasa ana miezi tisa, nampa kipande laini cha ndizi mkononi, ameketi wima, nami sitoki mbele yake.

Limebaki neno la usafi, na hapa naomba mnivumilie, kwa maana ndipo maisha yenyewe yalipo. Twakumbuka Goma, Julai 1994, kipindupindu kilivyochukua maelfu ya wakimbizi katika siku chache. Na hata leo ugonjwa huo haujahama kando ya maziwa yetu. Tunda lililo juu ya mti ni safi ndani ya ganda lake. Sisi ndio tunaolitia uchafu, kwa mkono, kwa kisu, kwa kibakuli kilichopanguswa na kanga. Nyanya zetu walimtafunia mtoto chakula kwa kinywa chao wenyewe, nao walifanya kwa upendo, lakini magonjwa ya kinywa cha mtu mzima hupita njia ileile. Mikono naiosha kwa sabuni muda wa kusali Salamu Maria moja bila haraka, na mikono ya mtoto vilevile, kwa kuwa ataitia ndani ya kibakuli tu. Maji ya kuoshea matunda yamechemka na kupoa ndani ya chombo chenye kifuniko. Mtoto ana kibakuli chake na kijiko chake, ambavyo havitumiwi na mwingine. Navimwagia maji ya moto na kuviweka juu ya kichanja, jua livikaushe.

Sipondi mengi. Hili lilikuwa gumu kwa binti yangu, aliyetaka niandae asubuhi chakula cha siku nzima, kwa sababu katika nyumba ya mwalimu kila kitu kina saa yake. Lakini sisi hatuna barafu, na umeme wa mji waenda na kurudi upendavyo. Tunda lililopondwa likikaa katika joto toka asubuhi hata alasiri, vijidudu vimekwisha kufanya karamu yao. Naponda nusu ya avoka, nusu nyingine hubaki katika ganda lake na kokwa lake, imefunikwa, kwa wakubwa wanaorudi shule saa sita. Kilichobaki kibakulini, ambacho kijiko cha mtoto kimekwisha kugusa, hakiwekwi. Nakila mimi, nimesimama palepale jikoni, kabla sijaosha vyombo.